Kodi Iliyokatwa kwa Jina Langu

Nilikuwa nimekaa nyumbani bila ajira kwa muda mrefu kiasi kwamba watu wa kijijini kwetu Kitura walikuwa wameacha kuniuliza. Mwanzoni waliuliza kila Jumapili tukitoka kanisani: "Vipi mwalimu, umeitwa?" Nami nilijibu kwamba bado, majina yanatoka kidogo kidogo. Baadaye swali likaisha, likabaki lile jina. Waliniita mwalimu ingawa sikuwa na shule wala darasa. Nililima na mama, nikachuma kahawa wakati wa kuchuma, na kila zilipotangazwa nafasi za walimu nilishuka Mbinga mjini kwenye duka la kuchapisha, nikatuma maombi, nikarudi kupalilia maharage.

Mama yangu si Mmatengo kama baba. Alizaliwa Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa, akaolewa na baba huku milimani, akajifunza kulima mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia udongo, kwenye miteremko ambayo mtu wa tambarare akiiona huuliza kama jembe halikutangulii bondeni. Kwa hiyo nilikua na lugha mbili ndani ya nyumba, Kimatengo cha baba na Kinyasa cha mama, na juu yake Kiswahili cha shule. Sikuwahi kufikiri kwamba hizo lugha za jikoni zingenipatia kazi. Zilinipatia, na aliyeniletea habari alikuwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa.

Nasema kaka kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Sina ndugu wa kiume wa tumbo moja. Baba alipofariki, huyu ndiye aliyepanda mlima siku ile ile, akatafuta mbao za jeneza, akasimama mlangoni kupokea waombolezaji, akakaa nasi mpaka wageni wa mwisho walipoondoka. Mama alikuwa na desturi ya kumtaja katika sala ya jioni kabla ya kunitaja mimi. Sikuona ubaya. Hata mimi nilimwombea.

Yeye alikuwa na kampuni ndogo Mbamba Bay. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wageni waliokuja na miradi: kuwatafutia boti, nyumba za kulala, wapishi, watu wa kuongoza njia. Siku moja akanipigia simu nikiwa shambani.

"Dada, weka jembe chini. Kuna kazi ya mdomo."

Akanieleza. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imepewa kazi ya kutangaza habari za maji salama katika vijiji vya ziwani na vya milimani. Walitaka matangazo na nyimbo kwa lugha za wenyeji, yarekodiwe, kisha yapitishwe na gari lenye vipaza sauti. Walihitaji mtu wa kutafsiri na kusoma, na kwaya ya kuimba. Kazi ya mara moja, ikiisha imeisha.

"Ila lazima uwe na namba ya mlipakodi," akasema. "Siku hizi kampuni haikulipi bila TIN. Na kodi yenyewe inakatwa papo hapo, wanaiita kodi ya zuio."

"Mimi sina ajira, kaka. Nitalipaje kodi?"

"Ndiyo maana nakwambia inakatwa papo hapo. Wewe kachukue namba, unipe. Mengine niachie mimi."

Nikaenda ofisi ya kodi mjini na kitambulisho changu cha taifa, nikaweka vidole, namba ikatoka. Nitasema ukweli, nilifurahi. Tangu nimalize chuo, namba pekee nilizopewa na serikali zilikuwa za mtihani na za maombi ya kazi yasiyojibiwa. Hii ilikuwa ya mtu anayetegemewa kuchangia. Nikamtumia kaka kwenye simu kabla sijatoka hata kwenye uzio wa ile ofisi.

Kazi ilikuwa nzuri. Bado naikumbuka kwa furaha, na hilo ndilo linaloniumiza. Tulirekodia kwenye ukumbi wa kigango cha kanisa, mahali palipo karibu na maji kiasi kwamba ilibidi tuegemeze magodoro madirishani ili mawimbi yasiingie kwenye sauti. Kina mama wa kwaya walikuja asubuhi wakinuka moshi wa kukaushia samaki, wakaketi kwenye mabenchi, tukaanza kubishana juu ya maneno. Tulikwama kwenye vijidudu. Kila neno la Kinyasa tulilojaribu lilimaanisha kitu chenye miguu kinachouma. "Nani atachemsha maji kwa ajili ya siafu?" akauliza mmoja, wote wakacheka mpaka fundi wa mitambo akavua vile vya masikioni akatungoja. Mwishowe tulikubaliana kusema ugonjwa usioonekana kwa macho, na tukautungia wimbo.

Aliyeuliza lile swali la siafu alikuwa mjane mwenye sauti nzito kuliko ya wanaume wa kwaya, anayeuza usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga karibu na mwalo wa boti. Yeye ndiye aliyenisahihisha Kinyasa changu. Alisema kinanuka mlima.

Siku ya malipo kaka alituita kwa mama mkubwa. Kina mama wa kwaya waliingia sebuleni kwanza, wakatoka, kisha mimi peke yangu. Nilipoingia mimi, mama mkubwa alikuwa ameniwekea chai na mihogo ya kuchemsha, kaka amekaa mezani na karatasi zake. Akanipa changu mkononi. Kilikuwa pungufu ya nilivyotarajia.

"Hiyo ni baada ya kodi," akasema.

"Kodi inakata namna hii?"

"Ndiyo serikali hiyo, dada. Saini hapa. Na hapa. Na hapa pia."

"Zote hizi?"

"Serikali inapenda karatasi." Akacheka, mama mkubwa akacheka, nami nikacheka nikasaini. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kupanda Mbinga. Ile fedha nikaitumia kununua mbolea na kuezeka upya jiko la mama, lililokuwa likivuja tangu enzi za baba.

Miezi ikapita. Nafasi za ualimu zikatangazwa tena, nikashuka kutuma maombi. Pale kwenye duka la kuchapisha tulikuwa wengi, wote walimu wasio na shule, na kama kawaida kila mmoja alikuwa na uvumi wake. Kijana mmoja akasema eti mwenye namba ya mlipakodi anahesabiwa kuwa mfanyabiashara, jina lake linaondolewa. Mwingine akasema si hivyo, ila asipopeleka ritani, ile taarifa ya mapato, kila mwaka atapigwa faini. Sikujua lipi la kuamini. Ofisi ilikuwa hatua chache kutoka pale, nikaona niende nikaulize. Sikuwa na wasiwasi. Nilikwenda kama mtu anavyokwenda kumuuliza padre jambo ambalo tayari anajua amelifanya vizuri.

Nilihudumiwa na ofisa mwanamke, mtu wa Tanga kwa lafudhi yake, aliyejifunga mtandio wa kijani. Nikamsalimu, nikamweleza: nilipata kazi moja, si ya kudumu, imeisha, sina ajira, kodi yangu ilikatwa papo hapo. Nifanye nini sasa?

"Umekatwa?" akauliza. "Hati yako iko wapi?"

"Hati gani?"

"Mtu akikukata kodi ya zuio anaileta hapa kwetu, halafu wewe anakupa hati ya kuonyesha kwamba umekatwa. Ndiyo kinga yako hiyo. Kama hukupewa hati, dada, tusiite kodi kwanza. Tuseme umepunguziwa pesa." Akavuta kiti karibu na kompyuta. "Nisomee namba."

Nikamsomea. Akaangalia kioo kwa muda. Kisha akaniangalia mimi, kandambili zangu, mkoba wangu wenye vyeti.

"Wewe una boti?"

"Sina."

"Una biashara ya chakula? Unapikia watu?"

"Hapana, mama. Nakaa Kitura na mama yangu, tunalima."

"Kwaya je? Una kikundi cha kwaya?"

Nikaanza kucheka, nikadhani amefungua jina la mtu mwingine. Hakucheka. Akaeleza taratibu, kwa sauti ya chini ili waliokuwa nyuma yangu wasisikie. Kwenye kumbukumbu zao nilionekana nimelipwa kwa kutoa boti, kulisha watu, kuleta kwaya na kutafsiri, yote mimi, na kusaini nimesaini. Aliyesema amenilipa aliwasilisha hayo kama gharama zake. Ile kodi ya zuio aliyopaswa kunikata na kuileta, hakuileta. Na kwa kuwa mapato yale yalikuwa makubwa, na yamesimama kwa jina langu, nilikuwa nadaiwa kodi kama mfanyabiashara.

"Nani amesema amenilipa?" nikauliza, ingawa tayari nilijua.

Akataja kampuni ya kaka.

Nilimtetea. Mpaka leo nikikumbuka nashangaa jinsi nilivyomtetea kwa bidii, nimesimama mbele ya mtu wa serikali, nikisema kaka yangu ni mtu wa haraka haraka, atakuwa amechanganya majina, si mtu wa namna hiyo. Yule ofisa alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Inawezekana amekosea," akasema. "Makosa yanarekebishwa. Wewe una haki ya kupinga haya makadirio, ila andika mapema, usikae nayo. Leta chochote kinachoonyesha ulicholipwa kweli, na watu waliofanya hizo kazi nyingine waje waseme walilipwa na nani. Kamuulize ndugu yako kwanza. Lakini uniletee maandishi."

Nilimpigia kaka nikiwa bado barabarani. Hakupokea. Baadaye ukaja ujumbe: yuko ziwani, mtandao mbaya, atanipigia. Hakunipigia. Kesho yake nikashuka Mbamba Bay.

Kabla ya kufika kwa mama mkubwa nilipita mwaloni, maana niliwakumbuka wale kina mama na nilitaka kuwasalimu. Walikuwa wameanika usipa kwenye vichanja, wanageuza kwa mikono. Nikasalimu kwa Kinyasa. Wakaitika, lakini kwa namna ya kumwitikia mtu wa benki. Hakuna aliyesogea kunipa nafasi ya kukaa. Mimi nikasimama pale nikitabasamu.

Yule mjane ndiye aliyesema. "Ile kodi yetu imefika serikalini?"

"Kodi gani, mama?"

"Ile uliyotukata."

Nikamwambia sikumkata mtu, hata mimi nilikatwa. Akakung'uta magamba ya samaki mikononi. "Kaka yako alituambia sisi pale pale sebuleni. Alisema, mimi nimewapa zote, ila mwenye namba ya kodi ni dada, yeye ndiye amezuia, msinilaumu mimi. Tukasema sawa, msomi ndiye anayejua. Halafu tukasikia umeezeka nyumba."

"Jiko," nikasema. "Niliezeka jiko."

Wakati huo huo lile gari la matangazo lilikuwa linapita barabara ya juu. Bado lilikuwa likizunguka vijiji. Tukasikia wimbo wao, kisha ikaja sauti yangu, safi na ya upole, ikiwasihi kina mama wachemshe maji kabla ya kuwapa watoto. Hakuna aliyenitazama. Tulisubiri mpaka gari likapita.

Nilimkuta kaka nyumbani kwa mama mkubwa. Hakuwa ziwani. Alikuwa amekaa kibarazani ananyoa ndevu kwa kioo kidogo alichokiegemeza kwenye ndoo. Nikampa heshima yake, nikamsalimu mama mkubwa shikamoo, nikakaa. Kisha nikamweleza niliyoambiwa ofisini na niliyoambiwa mwaloni. Nilieleza yote bila kupandisha sauti, kwa sababu bado nilikuwa nategemea aseme neno moja la kunionyesha kwamba nimeelewa vibaya.

Alifuta povu shavuni. "Nani alikutuma kwenda ofisi ya kodi?"

"Nilikwenda mwenyewe."

"Unaona sasa. Ungekaa kimya hakuna mtu angekujua."

"Kaka, nadaiwa kodi ya boti. Nimewahi kuwa na boti mimi?"

"Nisikilize." Aliweka wembe chini, akasogea, akaongea kwa upole kabisa, kama alivyoongea nami siku za msiba. "Ile kampuni ilichelewa kunilipa, na mimi nina watu wangu wa kuwalipa. Ningejiandikia mapato yote mimi, kodi ingenimaliza. Nina leseni, nina boti, nina mke, wana mahali pa kunishika. Wewe huna ajira. Watakushika wapi? Watakuja Kitura kuchukua kuku? Mtu asiye na kazi serikali inamwacha hivyo hivyo, deni linakufa lenyewe. Nilifikiri vizuri, dada. Nilimchagua mtu ambaye haitamuumiza."

Yapo matusi ambayo mtu anakutukana akiwa na hasira, na unaweza kuyasahau. Hili hakulisema kwa hasira. Alikuwa ananieleza hesabu yake na kutegemea niikubali. Katika hesabu hiyo mimi nilikuwa mahali patupu, shimo la kutupia kitu ambacho wengine hawataki kukibeba. Miaka yote niliyokaa nyumbani nikipalilia, nikituma maombi, nikiona aibu kanisani, yeye alikuwa ameitazama akaona ina faida.

"Na wale kina mama?" nikauliza. "Umewaambia mimi ndiye niliyewakata."

"Ningewaambia nini? Mimi naishi nao."

Nikamgeukia mama mkubwa. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na hakuinua kichwa. "Wanangu," akasema, "mambo ya fedha yasiwagombanishe. Kaa ule."

Sikula. Nilirudi mwaloni kwa wale kina mama, nikawaeleza kila kitu, hata yale yaliyonivua nguo, kwamba nilisaini bila kusoma. Baadhi waliamini, baadhi hawakuamini, lakini walielewa jambo moja: wakienda kusema walilipwa na nani, huenda kilichokatwa kikarudi. Wakakubali kupanda Mbinga Jumanne. Mwenyekiti wao wa kwaya akasema watakuja wote kwa gari moja. Nikarudi Kitura na kitu kinachofanana na amani.

Mama nilimweleza jioni tukiwa tunapukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua. Aliniuliza kama kaka anaweza kufungwa. Nikasema sijui, nadhani atatakiwa kulipa. Akauliza kama lazima liende huko. Nikasema tayari liko huko, mama, lina jina langu. Asubuhi yake akasema anakwenda kumsalimu dada yake, amesikia hajisikii vizuri, akavaa kitenge chake cha Jumapili akaondoka. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamlipia nauli.

Jumanne nilifika ofisini mapema na maandishi yangu. Nikakaa kwenye benchi la nje, naangalia kila gari linalotoka bondeni. Gari la kwanza likapita. La pili likasimama akashuka mtu mmoja, yule mjane wa sauti nzito, amebeba kiroba cha usipa begani.

"Wenzako wako wapi, mama?"

"Hawaji." Akatua kiroba chake. "Mama yako alikuja."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia kwa Kinyasa, polepole, kama alivyokuwa akinisahihisha zamani. Mama yangu alipita nyumba kwa nyumba pamoja na dada yake. Aliwaambia ni jambo la ukoo, linamalizwa nyumbani. Aliwaambia mimi nina msongo kwa kukosa kazi, nimeanza kuona maadui, wanivumilie. Alilia, na wao wakamwonea huruma, mtoto wa pale pale ufukweni aliyechukuliwa na mlima akafiwa na mume.

"Na wewe kwa nini umekuja?" nikamuuliza.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya changu. Na usipa nitauza sokoni nikimaliza, nauli isiende bure."

Tukaingia. Alizungumza na yule ofisa kwa Kiswahili chake kifupi: aliimba, aliitwa sebuleni, aliyempa fedha mkononi ni yule kijana mwenye kampuni, aliyemwambia imekatwa kodi ni yule yule, huyu dada hakuwepo chumbani. Akaweka kidole gumba. Mimi nikatoa vocha za mbolea na stakabadhi za mabati, nikaeleza kwamba kilichofika mkononi mwangu ndicho hicho. Ofisa akasema shahidi mmoja si wengi, lakini si bure. Barua ya kumwita kaka ikatoka.

Sitaeleza yote yaliyofuata, maana mengi yalikuwa ni kukaa kwenye benchi. Kaka aliitwa, hakuja, akaitwa tena. Alipokuja alikuja na shati jeupe na maneno mazuri, lakini alipoombwa waitwe wenye boti waeleze ni nani aliyewakodi, maneno yalipungua. Mwishowe akakubali kwamba yale malipo yalikuwa yake. Wakamwandikia alipe kidogo kidogo. Jina langu likarekebishwa, ikabaki ile tafsiri peke yake, na kwa hiyo tafsiri nikaambiwa kipato hakikufika kiwango cha kudaiwa, ila kila mwaka nitoe taarifa hata kama sina nilichopata. Nikamuuliza yule ofisa kama naweza kuifunga kabisa ile namba.

"Usiifunge," akasema. "Utapata kazi nyingine. Ila ukisaini, soma. Na ukikatwa, dai hati hapo hapo, hata kama anayekukata ni baba yako mzazi."

Kina mama wa kwaya hawakurudishiwa wakati ule. Wengine walipunguziwa hasara na kaka kwa njia zake, mmoja nyavu, mwingine mfuko wa saruji. Yule mjane alirudishiwa zote. Alikuwa anamfuata kila asubuhi mlangoni na kumsalimia kwa ile sauti yake mpaka majirani wanatoka nje.

Nami nilibaki na mama.

Kwa majuma kadhaa tuliishi kama wapangaji. Tulisalimiana, tulipika, tulikwenda sala za jumuiya pamoja. Sikumuuliza kuhusu ile safari. Nilijiambia alikuwa mama, alitaka kumlinda mtoto wa dada yake asifungwe, na mimi sikuwa wa kufungwa. Nilikuwa nimeanza kumsamehe kwa hoja hiyo. Kisha asubuhi moja tukiwa tunachagua kahawa, tunatoa punje mbovu kwenye chekeche, akaanza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Aliniuliza kwanza," akasema.

"Nani?"

"Kaka yako. Kabla hujashuka kwenda kuimba nao. Alinipigia akaniuliza, mama mdogo, nikiweka mambo yangu kwenye jina la dada, atakasirika?"

Nikaacha mikono ndani ya kahawa.

"Nikamwambia huyo ni mpole, hana neno. Nikamwambia anakupenda." Alikuwa anaendelea kuchagua, vidole vyake havikosei. "Sikujua ni mambo ya kudaiwa. Nilijua ni jina tu. Jina lenyewe lilikuwa limekaa, halifanyi kazi."

Nadhani alikuwa anatubu. Ndivyo ninavyotaka kuamini, kwamba alikuwa ameubeba huo mzigo na akataka kuutua. Lakini alivyousema, ulitua kwangu. Kaka alikuwa ameniona mahali patupu. Hiyo nilikuwa nimeizoea. Sasa nilijua kwamba alipotaka kuhakikisha kama ni patupu kweli, aliuliza kwa aliyenizaa, naye akamhakikishia. Walikuwa wamenijadili kama watu wanavyojadili chumba cha nyuma, kama kina mtu au kinaweza kuwekwa magunia.

"Ungeniuliza mimi," nikasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo, mama. Ningekataa."

Tukamaliza ile kahawa kwa sababu ilikuwa lazima ipelekwe kwenye chama cha ushirika siku hiyo. Nilibeba mimi.

Baada ya mavuno nilihamia Mbinga mjini. Nimepanga chumba karibu na soko, nafundisha watoto wa watumishi jioni, na mara chache napata kazi ya kutafsiri, ambayo nadai hati yake kabla sijala. Ajira ya serikali bado. Kila mwaka nakwenda kwenye ile ofisi kutoa taarifa zangu. Yule ofisa wa Tanga alihamishwa, na huyu wa sasa hanijui.

Mama hushuka siku za soko. Huniletea maharage na ndizi, hukaa ukingoni mwa kitanda, tunazungumza juu ya mvua na bei ya kahawa na nani amefariki Kitura. Mwezi uliopita alisema kaka amepata mtoto wa kike, wanabatiza, mama mkubwa ameomba nije. Akasema wanataka kumpa huyo mtoto jina langu.

Nilimuuliza kama kuna mtu aliyefikiri kuniuliza kwanza. Alitazama mikono yake. Kisha akasema gari la kwenda kwetu litajaa asipowahi, nikamsindikiza mpaka stendi, nikamlipia nauli, nikasubiri mpaka lilipoondoka.

Sikwenda kwenye ubatizo. Nasikia lile jina walimpa.